Njia ya Kando ya Mto: Kisa cha Kupanga Njia ya Miguu na Baiskeli Mjini Kisumu

Kisa hiki ni cha Kisumu, katika mitaa ya chini iliyo kati ya barabara kuu na Ghuba ya Winam. Nilikuwa katibu wa kamati tangu kikao cha kwanza, kwa hiyo mengi nitakayoeleza niliyaona kwa macho yangu. Majina ya watu, ya mto, ya shule na ya wadi nimeyaondoa, na vipimo vingine nimevitaja kwa makadirio ili mahali pasitambulike. Nawaandikia wale ambao mtaani kwao kuna mto, kuna watoto wanaokwenda shule kwa miguu, na kuna mtu aliye tayari kuchora ramani.

Usuli

Mto wenyewe ni mdogo. Wakati wa kiangazi mtoto wa gredi ya tatu anauruka, lakini Aprili unapita umebeba mti mzima. Kingo zake zimelimwa zote. Chini kabisa penye tope kuna nduma, juu kidogo sukuma wiki na kunde, kisha nyasi za nepia zinazokatwa na kuuziwa wenye ng'ombe. Kati ya nepia na nyua za nyumba kulikuwa na kijia cha hatua moja kwa upana, kilichokanyagwa kwa miaka mingi hadi udongo ukawa mgumu kama sakafu. Tulikadiria urefu wake kuwa kilomita tatu.

Barabara kuu haikumwachia mwenye miguu pa kupita. Ukingo wa lami umejaa tuktuk, pikipiki na vibanda, na matatu zikipishana kila mmoja hujitafutia pa kuruka. Wenye baiskeli ndio waliobanwa zaidi. Boda boda yenyewe ilianza kwa baiskeli kule mpakani Busia, na hapa Kisumu wako wazee waliosomesha watoto kwa kukanyaga pedali, abiria kakaa nyuma kwenye kiti chenye sponji. Pikipiki zilipoongezeka baada ya 2008, baiskeli zilisukumwa ukingoni mwa lami, kisha zikatolewa lamini kabisa.

Asubuhi moja mwanafunzi wa gredi ya tano aligongwa na tuktuk akiwa ukingoni mwa barabara hiyo. Alipona, ila mguu haukurudi ulivyokuwa. Wazazi walikutana shuleni Ijumaa ile ile, na kabla ya kikao kwisha baba mmoja aliuliza kwa nini watoto wasipitie kando ya mto, mahali ambapo hakuna gari. Kamati ilizaliwa hapo. Ilikuwa na wazazi wanne, mwalimu, viongozi wawili wa vijana, mzee wa mtaa na mimi. Wanaolima ukingoni hawakuwakilishwa na mtu yeyote, na hakuna kati yetu aliyeliona pengo hilo.

Ramani ya kwanza, na siku ya baraza

Kijana wetu mmoja aliyesomea mipango ya miji alitusaidia bila malipo. Alichora njia ya mita nne iliyopita karibu kabisa na maji, yenye kabro (matofali ya zege ya kutandika chini), mabenchi na taa. Ilikuwa nzuri, nami niliipenda. Kabla ya Africities, mkutano wa miji ya Afrika uliofanyika hapa Kisumu Mei 2022, watu walikuwa wameona njia za miguu zikitengenezwa katikati ya mji, na kila mmoja mtaani alitaka kitu cha namna ile.

Tuliitisha baraza chini ya mwembe wa shule na ramani ikatundikwa ubaoni. Kijana alieleza kwa dakika ishirini, watu wakasikiliza kimya. Mama mmoja aliyeketi nyuma akainuka, akaja mbele polepole hadi pua yake ikakaribia karatasi. Aliweka kidole kwenye mstari mwekundu, akaufuata kutoka kona hadi kona, kisha akamgeukia kijana na kusema kwa upole, "Nyathina, mwanangu, huu mstari umepita juu ya nduma zangu. Halafu umepita juu ya nduma za dada yangu. Hapa juu ni kwa nani?" Hapa juu palikuwa kwa mama mwingine, aliyekuwepo pia.

Hakugomba. Alirudi akaketi, na baraza lote likamgeukia kijana kumtazama. Tulikuwa tumechora njia ya kuwalinda watoto wa akina mama wale wale huku tukipita juu ya nduma zinazowalipia karo. Niliandika katika daftari la kamati kwamba ramani imeondolewa, na wiki iliyofuata akina mama watatu wanaolima ukingoni wakaingia katika kamati. Tuliongeza pia mwenyekiti wa stendi ya boda boda na mzee mmoja anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendesha kwa mikono.

Tulipokaa kuhesabu

Mwalimu ndiye aliyesema tuache kubishana, twende tukahesabu. Tulichagua siku mbili: Jumanne ya shule, na Jumapili, siku ambayo soko la Kibuye hufurika na mtaa mzima huamka mapema. Vijana walikaa sehemu tatu kando ya kijia, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, wakiwa na karatasi za kuweka alama: mtoto au mtu mzima, miguu, baiskeli au mkokoteni, amebeba nini. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza mwalimu aliongeza safu moja kwa kalamu: anafuata mto, au anauvuka?

Safu hiyo ndiyo iliyobadilisha mradi. Wanaovuka walikuwa karibu mara mbili ya wanaoufuata mto. Shule iko ng'ambo moja na nyumba nyingi ziko ng'ambo ya pili. Kinu cha kusagia, zahanati na steji ya matatu vimetawanyika huku na huku. Kwa wengi kijia kilikuwa cha kuwafikisha kwenye kivuko, na kivuko chenyewe kilikuwa magogo mawili ya mkaratusi yaliyofungwa kwa waya.

Nilikaa pale Jumapili asubuhi. Alikuja mama mwenye beseni la omena kichwani na mtoto mgongoni. Alivua ndara, akazishika kwa mkono mmoja, akapapasa gogo kwa vidole vya mguu kama mtu anayetafuta swichi gizani. Alipofika katikati alisimama, kwa kuwa upande wa pili alikuwepo kijana mwenye baiskeli begani akingoja zamu. Hawakusemeshana. Ilionekana ni jambo la kila siku. Mwenzangu wa baiskeli ya mikono hakuwa na zamu ya kungoja, maana huo mto hakuwa ameuvuka pale tangu alipohamia mtaa huo. Yeye huzunguka kupitia barabara kuu.

Ardhi ni ya nani

Hapa ndipo tulipojikwaa vibaya. Wote tuliamini kwamba ukingo wa mto ni ardhi ya umma. Kanuni za usimamizi wa maji za mwaka 2007 ziliweka eneo la hifadhi la kuanzia mita 6 hadi mita 30 kila upande, kutegemea upana wa mto, na tulizitaja kanuni hizo kila kikao kama msahafu. Hatukuwa tumezisoma hadi mwisho. Eneo hilo la hifadhi halimnyang'anyi mtu umiliki wake. Linamwekea masharti ya matumizi tu, kama vile asijenge wala asichafue. Mpima ardhi alipofungua ramani za viwanja, viwanja kadhaa vilishuka hadi majini, na hati zake zilikuwa mikononi mwa watu.

Kwa hiyo hatukuwa na ardhi. Tulichokuwa nacho ni mazoea ya watu kupita, na uvumilivu wa wenye viwanja.

Tulikwenda nyumba kwa nyumba, mzee wa mtaa mbele, tukinywa chai katika kila boma. Wengi walikubali kwa urahisi kuliko tulivyotazamia, kwa sababu watoto wao pia wanapita. Tuliandika makubaliano, kila mwenye kiwanja akatia sahihi mbele ya chifu, mashahidi wakaweka zao. Mpima ardhi alitushauri twende hatua moja zaidi: Sheria ya Ardhi ya 2012 inaruhusu haki ya kupita isajiliwe juu ya hati, ikawafunga hata watakaonunua au kurithi baadaye. Ilihitaji wakili, ada na miezi mingi. Masika yalikuwa yanakaribia na saruji ilikuwa imeshafika. Tukasema karatasi za chifu zatosha.

Tulichoamua na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa madaraja kabla ya njia. Fedha tulizokuwa nazo, yaani mgao wa maendeleo ya wadi, mchango wa wakazi, na saruji na vyuma kutoka kwa shirika moja, zingetosha kutengeneza njia nzuri ya kilomita moja isiyovusha mtu, au madaraja mawili ya miguu na njia ya kawaida ya kuyaunganisha. Baada ya kuhesabu, kila mtu alijua kipi kinahitajika.

Wa pili ulihusu kimo cha daraja. Tuliwauliza wakazi wakongwe maji yaliwahi kufika wapi. Bibi mmoja alitaja mvua ya uhuru ya 1961, akaonyesha mti. Mwingine alitupeleka kwenye ukuta wa nyumba yake wenye mstari wa tope wa mafuriko ya 2020, mwaka ule ziwa lilipopanda hadi kupita kiwango cha 1964. Mstari ulimfika kiunoni. Tuliukubali kama kipimo, tukainua daraja juu yake. Hilo likazaa tatizo jingine: kiti cha magurudumu kinahitaji mteremko wa taratibu, sentimita 12 za kwenda mbele kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Kupanda mita moja na nusu kunahitaji mteremko wa mita 18, na upande mmoja ua wa mtu ulikuwa mita sita tu kutoka majini. Fundi akaukunja mteremko ukafuata ukingo sambamba na mto, na kwenye kona akaweka jukwaa la kupumzikia. Leo watoto wanaketi hapo.

Wa tatu ni upana na sakafu. Tulishuka kutoka mita nne hadi mita mbili na nusu, tukapitisha njia nyuma ya bustani, palepale kijia kilipokuwa. Kabro tuliiacha, isipokuwa kwenye miguu ya madaraja. Udongo wetu ni ule mweusi wa tambarare za Kano. Ukikauka unapasuka nyufa za kumeza mkono, ukinywa maji unavimba, na kabro iliyolazwa juu yake bila kuuchimba na kuubadilisha huanza kucheza kama meno ya mzee. Tulitumia changarawe iliyoshindiliwa, imeinuka katikati ili maji yaende kando. Palipo na mashimo, vijana wa mtaa wanaweza kutengeneza kwa sururu na toroli.

Wa nne ulitoka kwa akina mama, na hakuna mtaalamu angeufikiria. Walisema nepia ikirefuka karibu na njia, hakuna binti atakayepita baada ya saa kumi na moja jioni. Wakakubaliana wao kwa wao: mita mbili za kwanza kutoka njiani zipandwe mboga fupi tu, nepia irudi nyuma. Kila mwenye bustani akapewa kipande chake cha njia cha kufagia na kukata majani, naye akabaki na bustani yake kwa masharti ya kutosogea majini.

Wa tano ni vizuizi vya pikipiki, na huu tulikosea. Tulisimika nguzo za chuma kila mwingilio. Usukani wa pikipiki nyingi una upana wa karibu sentimita 75 hadi 80, kwa hiyo tuliacha nafasi ndogo kuliko hiyo. Siku ya kusimika, mwenzetu wa baiskeli ya mikono alifika, akasimama mbele ya nguzo, akapima kwa macho. Gurudumu la kushoto likagusa chuma, na la kulia likagusa chuma. Alirudi nyuma bila kusema neno, akageuza. Tulikuwa tumekaa naye katika kamati miezi yote ile.

Mvua ya kwanza

Masika yalikuja na mvua za alasiri, kama kawaida yake. Madaraja yote mawili yalisimama. Maji yalipita chini yake yakiwa yamebaki shubiri chache.

Njia ndiyo iliyoumia. Palikuwa na mfereji mdogo unaokatiza, nasi tulikuwa tumeupitisha ndani ya kalvati ya bomba. Bomba lilizibwa kwa chupa za plastiki, matambara na godoro bovu. Maji yalipanda, yakavuka juu, yakakata changarawe kwa urefu wa hatua thelathini na kuiangusha yote juu ya bustani ya mama yule wa nduma. Tulimkuta asubuhi akichota changarawe kwa sufuria, akiirudisha njiani. Alituambia maji hayawezi kuambiwa yapite kwenye tundu. Tukalitoa bomba, tukamimina sakafu ya zege iliyobonyea katikati ili mvua ikizidi maji yapite juu yake na kuendelea na safari. Kwa saa moja au mbili njia haipitiki. Baada ya hapo unafagia tope na kupita.

Hali ilivyo sasa

Watoto wengi wa ng'ambo wanapitia mtoni, na asubuhi utaona baiskeli zenye kreti za maziwa na mikate. Vipande vilivyo na bustani ni safi kuliko barabara yoyote ya mtaa. Vile viwili visivyo na mkulima vimeota magugu na kugeuka jaa, na kila Jumamosi ya usafi nguvu zetu huishia huko.

Nguzo za vizuizi tuling'oa nyingi. Badala yake mwenyekiti wa stendi aliandika kanuni yake mwenyewe: mwanachama akionekana njiani na pikipiki, siku moja haruhusiwi kupanga foleni. Pikipiki za stendi yetu hazipiti tena. Zinazotoka mitaa mingine bado zinapita, hasa usiku. Taa za sola tulizoweka kwenye madaraja ziliibwa betri mara mbili, na giza likiingia njia huwa tupu.

Njia haifiki ziwani kama tulivyoota. Upande wa chini maji ya ziwa yakipanda hurudi mtoni, kwa hiyo tuliishia penye ardhi ya juu, na hilo silijutii. Nalijutia lile la upande wa juu. Mwenye kiwanja mmoja aliyetia sahihi kwa chifu alifariki, warithi wakazungusha waya, na mita mia nne za mwisho kabla ya shule zimefungwa.

Uchambuzi

Nikiulizwa ni kipi kilichouokoa mradi huu, nitaitaja safu aliyoongeza mwalimu. Wapangaji wengi wa njia za kijani huanza na mto kwa sababu mto unapendeza ramanini, nasi tulianza hivyo. Mtu anayekwenda kinuni hafuati mandhari, anakwenda kinuni. Karatasi ile iligharimu kalamu na siku mbili za vijana, na bila hiyo tungekuwa na kilomita moja ya kabro inayopita kando ya magogo yale yale ya mkaratusi.

Bustani ziligeuka kuwa mpango wa matunzo tuliokuwa hatuna. Katika andiko letu la kwanza kulikuwa na mstari wa kuajiri walinzi wawili, bila kusema nani atawalipa mwaka wa pili. Mkulima hulipwa na sukuma wiki yake, na macho yake yako njiani kutwa nzima. Akina mama wananiambia wizi wa mboga pia umepungua, maana sasa kuna watu wanaopita. Lakini mpango huu una ukomo wake: unafika pale bustani zinapoishia, na unazimika jua likizama. Kwa usiku hatuna jibu, na ningemwomba anayepanga njia kama hii aanze na usiku, awaulize wanawake kabla ya kununua taa hata moja.

Kuhusu nguzo, nimelifikiria mara nyingi. Upenyo unaomzuia mwenye pikipiki unamzuia pia mwenye baiskeli ya magurudumu matatu, kwa kuwa vyombo vyote viwili vina upana unaokaribiana. Hakuna kipimo cha chuma kitakachowatenganisha. Kinachowatenganisha ni makubaliano na stendi, na stendi ilikuwa tayari tangu mwanzo. Tuliwahi kwa chuma kwa sababu chuma hakihitaji vikao. Jambo linaloniuma ni kwamba mwenzetu alikuwa kikaoni siku tuliyoamua vipimo, na hakuna aliyemwambia alete baiskeli yake tuipime.

Lakini kosa kubwa ni la ardhi, na lilianza na neno moja, "hifadhi", tulilolisikia kama "ya umma". Karatasi ya chifu ni ahadi ya mtu aliye hai. Haimfungi mwanawe. Mpima ardhi alitueleza haya kwa lugha nyepesi kabla jiwe la kwanza halijawekwa, tukachagua saruji kwa kuhofia isigande ghalani. Saruji ingeweza kuazimwa kwa mradi mwingine na kurudishwa. Kama ningeanza upya, ningeanza kusajili haki ya kupita wiki ile ile ya chai za nyumba kwa nyumba, wakati wenye viwanja bado wana moto wa mkutano na mwenye kiwanja yule aliyefariki bado yuko hai. Wenzake waliobaki tumeanza kuwapeleka kwa wakili mmoja mmoja. Watatu wamekamilisha.

Warithi nao si watu wabaya. Binti yao mkubwa alinieleza kwamba hawapingi njia. Wanaogopa kiwanja kikionekana kina njia kitapoteza bei kabla hawajagawana, na kesi ya mirathi bado iko mahakamani. Kwa sasa wameacha waya wa chini ukiwa umelegea. Watoto hufika hapo, huvua mikoba, huisukuma ng'ambo kwanza, kisha hupita chini ya waya mmoja mmoja. Upande wa pili, kati ya mahindi, kijia cha hatua moja kimeanza kuonekana.